Kifuniko cha Rejeta

Baba alikuwa dereva wa shamba la chai kule Mufindi kwa miaka ishirini na sita. Huko, mwezi wa Juni na Julai, umande huganda juu ya majani ya chai, na asubuhi ukipita unasikia unakanyaga kitu kinachovunjika. Magari ya shamba yalitiwa maji matupu kwenye rejeta, kwa sababu hakuna aliyewaletea madereva kitu kingine. Maji yakiganda ndani ya injini hutanuka na kupasua chuma. Kwa hiyo madereva walijiwekea utaratibu. Jioni, gari likishaegeshwa, dereva alifungua koki mbili, moja chini ya rejeta na nyingine ubavuni mwa injini, akamwaga maji yote. Kisha alichukua kifuniko cha rejeta, akakitia mfukoni mwa koti na kwenda nacho nyumbani. Asubuhi, anayetaka kuliwasha gari hilo, awe nani, alilazimika kumfuata aliyemwaga na kumwomba kifuniko. Hakikuachwa juu ya usukani wala hakikutundikwa ukutani. Kiliombwa kwa mdomo, kikatolewa kwa mkono, na aliyekitoa alisema maneno mawili: "Halina maji." Kwa utaratibu huo, katika miaka yote ya baba, hakuna gari la shamba lililowashwa kavu.

Naeleza hili mapema kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya nikiwa nalijua.

Alipostaafu alinunua gari moja kati ya yale yaliyoondolewa kazini, gari refu la abiria saba, la Kifaransa, la rangi ya maziwa, aina ambayo zamani ilikuwa teksi ya kila mji. Nyumbani aliendelea na utaratibu uleule. Mama alikuwa akichemsha birika la maji kila asubuhi ya baridi, na baba alikaa jikoni na kifuniko mfukoni, akingoja mmoja wetu aje. Nilipokuwa na miaka kumi niliruhusiwa kuomba. "Baba, naomba kifuniko." Alikitoa polepole, kama anayefikiri kwanza kama ninafaa.

Mama alipofariki nilimchukua baba akaja kuishi nami Mbeya. Aliendesha mwenyewe, nami nikiwa nimekaa kando yake. Tulipofika njia panda ya Makambako, mahali alipopita maisha yake yote, alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sisi tunakwenda upande gani?" Nilimwonyesha upande wa Mbeya. Akashukuru kama mtu anavyomshukuru mpita njia. Kuanzia hapo hakushika usukani tena, na hakuuliza kwa nini.

Daktari alinieleza bila kuzunguka. Kumbukumbu inaondoka na hairudi. Majina yatatangulia, halafu nyuso. Kazi za mikono ndizo zitakazobaki hadi mwisho. Nilizipanga sentensi hizo kwenye daftari langu, maana ndivyo ninavyopokea mambo.

Siku moja, kichwa chake kikiwa kimetulia, baba aliniita. "Mwanangu, nirudishe nyumbani," alisema. "Na gari langu. Nilitoka na gari, nirudi na gari. Ukinipeleka kwa basi nitakuwa mzigo."

Nilimwahidi. Alinishika mkono ili kuhakikisha, kama watu wanavyopatana bei ya ng'ombe. Toka siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu la kufanya duniani, na lilikuwa na muda wake: kumfikisha kwake, ng'ambo ya Mafinga, akiwa ndani ya gari lake, kabla hajasahau kwamba ni lake.

Mimi si fundi. Ni mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Shule niliiacha kidato cha nne, na kemia niliyonayo nimeipata kwa kuosha vyombo vyake na kusoma vitabu ambavyo walimu waliviacha mezani. Magari nayo nilijifunza hivyo hivyo. Nina kitabu cha matengenezo cha gari la baba, kimepungua kurasa za mbele, ambacho nilikisoma na kamusi pembeni kwa miezi minane. Nilipigia mistari kila nilichokielewa. Nilidhani nilichokipigia mstari nimekwisha kukijua.

Maji ya rejeta yalikuwa tatizo kwa sababu mbili. Kwanza, yalikuwa na kutu, rangi ya chai ya rangi. Pili, baba alikuwa akiyamwaga. Ugonjwa ulikuwa umemfanya ayamwage wakati wowote, hata Januari, hata saa sita mchana. Narudi kutoka kazini nakuta uwanja umelowa na baba amekaa kwenye kigoda na kifuniko mfukoni. Namwomba, ananipa, najaza upya. Mara nyingine ilikuwa mara mbili kwa siku. Nilichoka. Nikaamua kutia kulanti, kile kimiminika cha kijani cha kupozea injini, ambacho hakigandi na hakileti kutu. Nilijenga hoja yangu hatua kwa hatua: baba anamwaga kwa sababu maji huganda, kulanti haigandi, kwa hiyo baba hatakuwa na sababu ya kumwaga. Mpaka leo nikiitazama hoja hiyo sioni kosa ndani yake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba alikuwa anamwaga kwa sababu.

Kazi yenyewe niliifanya Jumamosi. Nilingoja injini ipoe kabisa, nikafungua koki zote mbili. Yalitoka maji ya kutu, kisha tope jembamba, kisha magamba. Nikapitisha maji ya mpira kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, mpaka yakatoka meupe. Nilipofungua mahali pa themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, nilikuta patupu. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameing'oa na kuitupa, kama wafanyavyo wengi. Nikaweka mpya.

Jirani yangu, ambaye ndiye fundi hasa na alikuwa amerekebisha mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Chunya, alisimama ugani akiangalia.

"Mwalimu, leo unalisafisha figo?" Huniita mwalimu ingawa anajua siyo.

"Nalibadilishia maji."

"Hilo gari umri wake sawa na wako. Wewe unakunywa nini?"

"Maji."

"Haya! Nalo lipe maji. Sisi kule machimboni Makongolosi tulikuwa tunatia hata maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, na gari linapanda mlima linaimba."

"Linaimba au linalia?"

"Kwa gari, mwalimu, ni sauti moja."

Mke wangu alitokea mlangoni akaona madumu yamepangwa: la kulanti, na la maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. "Baba watoto, kumbe mgeni wa heshima ni gari," alisema. "Lenyewe soda, sisi maji ya bomba."

Tulicheka. Baba hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na kifuniko alikuwa amekichukua mapema, mara tu nilipokifungua. Aliitazama ile rangi ya kijani ikiingia.

"Hiyo si dawa ya kuogeshea ng'ombe?"

"Ni ya injini, baba. Haigandi."

"Kila kitu kinaganda," alisema.

Nilijaza taratibu, nikaiminya mipira ya rejeta ili kutoa hewa, nikajaza tena. Ilinichukua mpaka jioni. Nilikuwa nimebandika karatasi chini ya boneti, kwa herufi kubwa: KULANTI. USIMWAGE. Nikamwita baba aisome. Aliisoma kwa sauti, vizuri kabisa, akaitikia kwa kichwa. Kilichobaki ni kufunga. Nikanyoosha mkono.

"Omba," alisema.

"Baba, nipe tu tumalize."

"Omba."

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na mgongo unaniuma. Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti lake, nikakitoa kifuniko mwenyewe, nikakikaza. Nikamwambia, "Kuanzia leo hakuna kumwaga na hakuna kuomba. Imekwisha hiyo." Alipapasa mfuko wake, akaugeuza nje, akautazama, kama mtu aliyeibiwa mnadani.

Wiki mbili zilizofuata hakuligusa gari. Kila jioni niliangalia chini: pakavu. Niliandika kwenye daftari kwamba tatizo limepatiwa ufumbuzi.

Siku ya safari ilikuwa mwishoni mwa Juni. Jioni ya kutangulia nilikagua kila kitu na kutia alama: mafuta ya injini, breki, upepo, mkanda, betri, tairi la akiba. Kwenye mstari wa kulanti niliandika "imefungwa, isiguswe." Niliona fahari kidogo kwa mstari huo. Ndio pekee ambao sikuhitaji kuukagua tena asubuhi.

Saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kuuma meno. Baba alikuwa ameamka kabla yetu sote. Nilimkuta uwanjani amevaa koti, amefunga vifungo vyote, na magoti ya suruali yake yamelowa. Nilidhani ni umande. Alikuwa amesimama mbele ya gari, mkono wa kulia mfukoni.

"Kamwene, baba," nilimwamkia kwa kwetu.

"Kamwene."

"Panda twende nyumbani."

"Twende," alisema, lakini hakusogea. Aliniangalia usoni kama mwalimu anayengoja jibu kwa mwanafunzi ambaye anajua kabisa kwamba jibu analo. Nilikuwa nimesoma kwamba wagonjwa wa namna yake hukataa safari dakika za mwisho, na kwamba haifai kubishana nao. Sikubishana. Nilizunguka nikamfungulia mlango. Mke wangu, ambaye alikuwa anabaki na watoto, akamshika kiwiko: "Baba, panda, baridi hii itakuumiza kifua." Akapanda, mkono bado mfukoni.

Injini iliwaka mara moja. Mlio ulikuwa mkavu kidogo, nikasema ni hewa ya baridi. Nilifungua hita ili baba apate joto, ukatoka upepo wa baridi, nikasema themostati mpya bado imefunga. Kila dalili niliipatia maelezo, na kila maelezo yalikuwa sahihi kwa kitabu. Tulipopita Uyole mshale wa joto ulikuwa bado umelala chini kabisa. Nilimwonyesha baba. "Unaona? Halipandi joto. Ndiyo kazi ya ile ya kijani." Baba alikuwa anatazama mshale huo bila kupepesa macho.

Simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Sipokei simu nikiwa naendesha. Ni kanuni yangu, na nimewahi kuwasema watu wengi kwa kuivunja. Ikatetemeka mara ya pili. Ikatetemeka ya tatu tulipokuwa tumeanza kupanda mlima, nyuma ya lori la viazi.

Kwanza gari lilipungua nguvu. Nikashusha gia. Kisha ikaja harufu ya rangi inayoungua, kisha mgongano wa chuma kama maharage makavu yanayotikiswa kwenye debe, na kabla sijafika pembeni vizuri injini ilijizima yenyewe. Mshale ulikuwa bado chini. Kipimo kile hupima joto la maji. Yasipokuwapo maji hakina cha kupima. Hilo lipo kwenye kitabu changu. Nimelipigia mstari.

Nilifungua boneti. Hewa iliyotoka ilinichoma uso. Mdomo wa rejeta ulikuwa wazi, mweusi, mkavu. Juu yake karatasi yangu ilikuwa imeanza kujikunja, lakini maandishi yalisomeka.

Baba alishuka mwenyewe akaja kusimama kando yangu.

"Baba, kifuniko kiko wapi?"

"Ndivyo unavyoomba?"

Malori yalikuwa yanapita karibu sana na sisi, yakitupa vumbi. "Baba," nilisema, "naomba kifuniko."

Alikitoa mfukoni na kukiweka katika kiganja changu. Kilikuwa na joto la mkono wake. "Halina maji," alisema. Na uso wake, ambao ulikuwa umekaza toka uwanjani, ukalegea. Alikuwa amemaliza zamu yake. Alikuwa ameamka gizani, akapiga magoti kwenye baridi, akafungua koki mbili kwa mikono isiyokumbuka jina langu kila siku, akafanya kazi bila kosa hata moja. Halafu alisimama mbele ya gari akingoja nimwombe.

Nilimpigia mke wangu. "Kuna beseni limejaa maji ya kijani hapa gari lilipokuwa," alisema haraka. "Nimekupigia mara tatu. Uko salama? Baba yuko salama?" Nilimwambia tuko salama.

Jirani fundi alikuja na gari la kuvuta. Aliingiza spana kwenye pua ya injini akajaribu kuizungusha, akaegemea kwa uzito wake wote. Haikusogea hata unywele. Alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Imeshikana, mwalimu. Hedi imekwisha, na silinda nazo. Vitu vya gari hili siku hizi havipo." Nilingoja aongeze mzaha. "Pole," alisema, na ndipo nikajua kwamba kweli imekwisha.

Baada ya siku tatu nilimpeleka baba nyumbani kwa basi. Njiani mkono wake ulikuwa ukiingia na kutoka mfukoni, ukitafuta, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nacho kifuniko kwenye begi. Nilimrudishia. Akalala hadi Mafinga.

Dada yangu alitupokea langoni. "Kamwene, baba! Karibu kwako." Baba alimwitikia vizuri, akaangalia nyumba, akaangalia barabara tuliyotokea. Hakuingia.

"Gari liko wapi?"

"Limebaki Mbeya, baba," nilisema. "Limeharibika."

"Basi hatujafika," alisema.

Tulimbembeleza mpaka dada akachoka, akamletea kiti palepale langoni, kisha blanketi, kisha jiko la mkaa. Aliingia ndani usingizi ulipomshinda. Kesho yake alirudi kwenye kiti. Na kesho yake. Nilikuwa nimemtoa Mbeya nikamweka kwenye ardhi aliyozaliwa, na yeye yuko njiani bado, amekwama mahali asipopajua, anangoja usafiri.

Kwenye simu dada huniambia yaleyale. "Kaka, yupo langoni. Anakula hapo hapo. Kile kifuniko analala nacho. Juzi nilitaka kukiosha, akanifukuza. Anasema anayeendesha aje mwenyewe."

Gari liko uwanjani kwangu. Nimeandika barua, nimeuliza Dar es Salaam, nimeuliza Zambia. Mtu mmoja aliniahidi hedi, akaacha kupokea simu. Nilisoma kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza uliopo, kutafuta mahali ambapo kingeniambia. Kinasema: kabla ya kuwasha, hakikisha kiwango cha maji. Ni sentensi fupi. Hiyo sikuwa nimeipigia mstari, niliona ni ya watoto.

Nilikwenda kumwona mwezi wa Agosti. Alikuwa amepungua sana, koti limekuwa kubwa. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye langoni. Nilikuwa nimefikiri njia nzima nitamwambia nini. Mwishowe nilisema kile nilichopaswa kusema asubuhi ile.

"Baba, naomba kifuniko."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Wewe dereva wa gari gani?"

Nilimtajia: lile refu, la abiria saba, la rangi ya maziwa.

Alifikiri. Alifikiri kwa uangalifu, kama mtu wa kazi. "Umechelewa," alisema. "Hilo limeondoka asubuhi. Mwanangu ameondoka nalo."

Nilisogeza kigoda karibu zaidi. Kisha nikamuuliza, "Na yeye alikuomba?"

Akatoa kifuniko mfukoni, akakigeuza juu chini, akakifumbia ngumi na kukirudisha.

"Hakuniomba," alisema.